Swali la Mahali Alipozaliwa Mama

Neno la siri nililibadilisha asubuhi ile ile baba alipopelekwa hospitali. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu, na mengine yote yalitoka humo. Jana yake kaka mwenye kafe ya intaneti niliyokuwa naitumia mjini alipita nyuma ya kiti changu wakati ninaandika, nikahisi ameona vidole vyangu vilipogonga. Hakuona chochote, nadhani, lakini mimi nilikuwa mtu wa kushuku. Kulipokucha nilikwenda mjini kwa miguu kabla sijanywa hata chai, nikaweka neno jipya, refu, lenye namba katikati, na njia nzima ya kurudi mtaani kwetu Lizaboni nikawa nalirudia kichwani. Nilipofika nyumbani nikamkuta baba amekaa kwenye stuli uani, mdomo umekwenda upande, na mama amepiga magoti anamfunga kamba za viatu. Neno likanitoka. Halijarudi mpaka leo.

Alifariki siku ya nne. Sikulia. Siandiki hivyo ili nionekane jasiri. Naandika kwa sababu watu waliliona na wakalisema, na walisema kweli. Nilichota maji, nilipanga viti vya kuazima, nilihesabu sahani. Siku ya pili ya matanga nilishika sufuria ya uji kwa mikono mitupu, nikaitua polepole mahali pake, ndipo mama mmoja akapiga kelele kwamba nimeungua. Nilitazama vidole. Vilikuwa vyekundu, vya mtu mwingine.

Sasa nieleze hilo neno la siri lilikuwa la nini.

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la ushirika. Mahindi, tumbaku, chochote mkulima alicholeta, kilipita mbele yake kwanza. Soko huria lilipoingia, wafanyabiashara walikuja na malori yao na mizani zao za kuning'iniza, ghala likafungwa, na baba akarudi nyumbani na koti la kaki, kalamu mbili na kimya kirefu. Kazi aliyobaki nayo ilikuwa kwenda misibani. Hakukosa msiba. Na kila aliporudi alilalamikia jambo moja, wasifu wa marehemu unaosomwa kabla ya kuzika.

"Wote ni mmoja," alisema. "Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua, akafariki, ameacha mjane na watoto. Wanabadilisha jina tu. Mtu kaishi miaka sabini, wanammaliza kabla sijakaa vizuri."

Siku moja akaniambia, "Wangu utauandika wewe. Mimi nitakusemea. Siku yangu wasinisomee ule wa kuungaunga, wasome huo."

Nikakubali. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka popote, na kompyuta nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kitabu kisicho na jalada nilichokinunua kwenye marundo ya mitumba. Kitabu hicho kilieleza kwamba kuna kampuni za nje zinazompa mtu yeyote ukurasa wake kwenye mtandao, bure. Unajiandikisha, unachagua rangi, unaandika, unabonyeza kitufe cha kuchapisha, na mtu aliye Japani anakusoma. Nikaamua wasifu wa baba utakaa huko. Karatasi ingeliwa na mchwa. Nilimweleza baba, akafikiri kidogo, akauliza kama huko Japani wanajua mizani. Nikasema wanajua.

Kipindi kizima cha baridi alinisemea na mimi nikaandika kwenye daftari la kaunta, kwa penseli, mbio mbio, maana hakuwa mtu wa kurudia. Kisha nilikuwa nakwenda kafe kunakili. Nilipomaliza kunakili yote, nililitazama lile daftari, mistari iliyokatwa, mishale, maneno ya Kingoni pembeni, doa la mafuta, na sikuweza kulivumilia. Nikampa mama awashie jiko la mkaa. Nilifurahi lilivyoungua. Nilijisikia msafi.

Ukurasa wenyewe sikuuchapisha. Kila niliponyoosha kidole kubonyeza niliona sentensi moja ambayo bado. Nikiirekebisha hiyo, naona nyingine. Kwa hiyo wasifu wa baba ulikaa ndani ya akaunti kama rasimu, ukisomwa na mimi peke yangu, na mlango ukawa ni lile neno. Ningekuwa nimeuchapisha hata kwa kosa moja, mtu yeyote angeweza kuufungua bila kuniuliza. Hilo nililijua siku ya mazishi, nikiwa nimesimama nyuma ya kaburi.

Siku hiyo baba mdogo alisoma wasifu alioandika usiku, upande mmoja wa karatasi. Alisema marehemu aliwahi kuwa mlinzi wa ghala. Baba hakuwahi kuwa mlinzi. Mama aligeuka akanitazama mimi, si baba mdogo.

Baada ya matanga aliniuliza, "Ile aliyokusemea baba yako iko wapi?"

"Ipo, mama."

"Ipo wapi?"

"Kwenye kompyuta. Mjini."

"Basi itasomwa arobaini. Nimeshawaambia wazee."

Nikasema sawa. Sikumwambia kwamba siwezi kuifungua.

Kafe ilikuwa na kompyuta nne, chumba kimoja karibu na stendi, na mwenyewe alikuwa yule kaka, mgeni wa mkoa aliyekuja kufuata biashara. Alikuwa mtu wa maneno. Wateja wake wengi hawakuwa na habari na maneno ya siri. Walimwachia yeye, kama mtu anavyoacha ufunguo kwa jirani. Alikuwa na daftari kubwa chini ya kaunta, na humo mlikuwa na walimu, wauza nafaka, masista, hata mhubiri mmoja. Mtu akiingia anasema, "Nifungulie," naye anafungua. Mji mzima ulikuwa umelala kwenye daftari lile na hakuna aliyeogopa. Mimi niliogopa. Nilimkatalia kwa adabu mara tatu, na mara ya nne nilimkatalia bila adabu.

Nilipokwenda siku ya kwanza baada ya msiba alisimama, akanipa pole kwa mikono miwili. Kisha nikamwambia nimesahau neno la siri.

Alilitoa lile daftari akaliweka mbele yangu, akalifungua taratibu. "Tazama mwenyewe, dada. Kila mtu yumo. Hata wa benki wamo. Wewe tu ndiye uliyeona mimi mwizi."

"Naomba unisamehe."

"Mimi nishasamehe. Msamaha wangu haufungui akaunti."

Nilijaribu maneno yote niliyowahi kuyatumia, moja baada ya jingine, na namba mbele, na namba nyuma. Kisha nikabonyeza pale palipoandikwa kwamba umesahau. Mtandao wenyewe ulipita kwenye simu ya mezani; ukurasa ulishuka mstari kwa mstari kama mkeka unaokunjuliwa taratibu. Wakanipa njia mbili. Ya kwanza, watume neno jipya kwenye barua pepe yangu. Barua pepe yenyewe ilikuwa ya bure, nami sikuwa nimeifungua kwa miezi, na kampuni yake ilikuwa imeshaifuta. Njia ya pili ilikuwa kujibu swali langu la siri.

Swali lilitokea kwa Kiingereza. Mama yako alizaliwa wapi?

Mama alizaliwa Mshangano. Hakuna mtu asiyejua. Kwetu ukikutana na mzee njiani ukamwamkia, hakuachii mkono mpaka akuulize wewe ni wa nani, na mama yako ametoka wapi, na mama yake je. Ndiyo salamu yenyewe. Wauza mboga wa Lizaboni walijua mama alizaliwa Mshangano, fundi baiskeli alijua. Wale watu wa nje waliotunga lile swali walidhani ni siri. Na mimi, siku ile ninajiandikisha, niliwaza kwamba swali hili linajibika na mji mzima, halafu nikakumbuka ushauri wa kitabu changu kwamba jibu likijulikana na watu, weka la uongo. Nikaweka la uongo. Nikajiona nina akili sana.

Nikaandika Mshangano hata hivyo. Ikakataa. Nikaandika Dar es Salaam, ikakataa. London, ikakataa. Baada ya jibu la tatu wakafunga mlango, nirudi kesho.

Kesho yake hapakuwa na umeme. Mji uliendeshwa na jenereta na umeme ulikuja kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule. Siku ya zamu ya stendi nilikwenda, siku isiyo ya zamu nilikaa nyumbani nikaandika orodha ya uongo ambao ningeweza kuwa nimeusema. Niliipanga kwa alfabeti. Miji ya kwenye ramani ya darasani, miji ya kwenye redio, Nairobi, Cairo, Tokyo. Niliwaza hivi: mimi ni mtu ninayejitahidi, basi hata uongo wangu utakuwa wa mbali na wa kujitahidi. Majibu matatu kwa siku. Niliyakata kwenye orodha kwa rula.

Niliwaandikia pia watu wa msaada wa ile tovuti, kwa anwani mpya, Kiingereza nikakipitia kwa kamusi mara mbili. Siku nane baadaye jibu likaja. Walinishukuru. Walisema wanajali sana usiri wangu, na kwa hiyo nijibu swali langu.

"Umeandika kwamba baba amefariki?" kaka wa kafe aliuliza, akisoma begani kwangu. Safari hii sikuficha.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Haihusiani."

Alivuta stuli akakaa pembeni yangu. Kisha akasema, "Dada, hebu sema nao kama mtu. Unaongea nao kama unaomba kazi."

Sikuandika tena. Nilihesabu siku. Nyumbani mama alikuwa ameanza kukoboa mahindi ya arobaini na kuulizia nani ataleta sufuria kubwa. Kila niliporudi alitazama mikono yangu kwanza, kama nimeshika karatasi. Hakuuliza. Nilitamani aulize, nimwambie, anipige hata kofi, nisikie kitu. Nilikula, nililala, nilioga. Usingizi ulikuwa mzuri kabisa, na hilo lilinitisha kuliko kukosa usingizi.

Siku mbili kabla ya arobaini akaja mtani.

Kwa asiyejua, sisi Wangoni na Wabena ni watani. Mtani ana ruhusa msibani kuliko ndugu. Huyu alikuwa bibi wa Kibena kutoka Madaba, mtu wa makamo ya mama au zaidi, ambaye baba aligombana naye kwa utani miaka yote. Siku ya mazishi alivaa koti la kaki la baba, akasimama mbele ya jeneza na kalamu sikioni, akawa anawapima waombolezaji mmoja mmoja: "Wewe mwepesi, rudi shamba! Wewe umetia mawe!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilimtazama kama natazama kitu nyuma ya kioo.

Sasa aliingia uani mchana, ametoka kwenye basi, kikapu kichwani. Mimi na mama tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo.

"Kamwene!" akasalimia kwa Kibena.

"Kamwene," mama akajibu bila kuinua macho. "Umekuja kula tena?"

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mtoto wa mtumwa wangu." Akatua kikapu. "Sijaja kula. Nimefuata debe langu."

"Debe gani?" mama akauliza.

"La viazi! Usijifanye umesahau, mjane wewe! Marehemu alikuchukua kwetu Madaba kwa debe moja la viazi. Viazi mmekula, haya. Debe lenyewe liko wapi? Kafa nalo?"

"Mimi nimezaliwa Mshangano, mwongo wewe."

"Umezaliwa Madaba! Mumeo mwenyewe alikuwa anasema. Aliwaambia watoto wako hapa hapa, mimi nasikia, mama yenu nimemwokota Madaba kwa Wabena, nimemlipia viazi, na bado naona nilipunjwa!"

Mama akacheka. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka ameinama, maharage yanamwagika kwenye kanga, na akasema, "Yule mzee, yule mzee," mara nyingi.

Ilikuwa kweli. Baba alikuwa na utani huo tangu tukiwa wadogo. Ugali ukiungua, alisema si kosa lake, huyu ni wa Madaba. Mama akikasirika, alisema jamani nirudishieni viazi vyangu. Aliusema mara nyingi mno, ukawa kama mlio wa mlango wa nyumba, husikii tena. Na alipofariki hakuna aliyebaki wa kuusema. Nilikuwa nimezunguka dunia nzima kwa alfabeti, na uongo ulikuwa wa mezani kwetu.

Nilisimama. Mama akauliza naenda wapi. Nikasema mjini.

"Leo si zamu ya stendi," akasema.

Nikakaa. Nikaendelea kuchambua maharage. Bibi mtani alinitazama, akamwambia mama, "Huyu wako vipi? Hata kucheka hajui? Huyu kweli mmemzaa Mshangano."

Kesho yake nilikuwa mlangoni kabla kafe haijafunguliwa. Kaka wa kafe alinikuta nimesimama, akasema, "Dada, si uolewe tu na hii kompyuta, mimi nile pilau," kisha akaona uso wangu akaacha. Akaniwashia ile ya pembeni. Niliandika Madaba. Ukurasa ulikaa mweupe kwa muda mrefu. Kisha ukashuka, mstari kwa mstari, ukaniambia niweke neno jipya la siri.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali."

Alipiga makofi peke yake chumbani. Mimi nilisubiri moyo wangu ufanye chochote. Ulikuwa unapiga kama kawaida.

Nilifungua rasimu nikaisoma, na nitasema nilichokikuta, maana nimeshasema mengine. Ilikuwa nzuri. Sentensi zimenyooka, hakuna neno lililorudiwa, koma ziko mahali pake. Marehemu alihudumu kwa uadilifu katika sekta ya ushirika. Marehemu alikuwa mwenye mahusiano mema na wakulima wa pande zote. Baba hakuwahi kutamka neno sekta maishani mwake. Nilikuwa nimeyachukua maneno yake, miezi ile yote, na kuyapiga pasi moja moja mpaka yakawa yale yale aliyoyakimbia. Ule wa baba mdogo ulikuwa na kosa la mlinzi. Wangu haukuwa na kosa lolote, na baba hakuwemo.

Daftari lilikuwa limeungua.

Karibu na mwisho nikakuta mahali ambapo sikuwa nimegusa. Nilikuwa nimeweka alama tatu za kuuliza mbele yake, ili nirudi kuparekebisha au kupafuta, kwa sababu palinitia haya kwa niaba yake. Palikuwa hivi alivyosema:

"Kuna mama mmoja, mwaka wa njaa ile, gunia lake likapungua. Kidogo tu. Katembea nalo kutoka huko. Nikaweka mguu. Kidole cha mguu tu, pale kwenye mizani, huku nachungulia karatasi. Ikafika. Nikaandika. Sasa mimi mpaka leo sijui, ile ni dhambi au ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Hiyo usiiandike. Au iandike."

Nilimwomba kaka wa kafe anichapie kurasa zote mbili. Alama za kuuliza zikatoka nazo.

Arobaini ilikuwa siku ya jua kali na upepo wa baridi. Baada ya misa watu walikaa uani, na mzee mmoja akasema mtoto wa marehemu ana maneno. Nilisimama. Nilisoma sekta, nikasoma uadilifu, na watu wakanisikiliza kama wanavyosikiliza matangazo ya parokia, kwa heshima, macho yako kwenye masufuria. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Nilikuwa nakaribia pale penye alama za kuuliza. Njiani nilikuwa nimeamua kuziruka.

Nilipofika pale nikasoma. Nilisoma kama ilivyo, na ile hiyo usiiandike, na ile au iandike.

Viti vililia. Mzee mmoja aliyefanya kazi naye ghalani aliguna kwa sauti. Kisha bibi mtani akaruka kutoka kwenye mkeka wa akina mama: "Mwizi! Si nilisema! Mleteni mguu wake tuupime!" Uani pakawa kicheko, watu wanapigana mabega, mmoja ananyanyua mguu wake mwenyewe hewani, na katikati ya kelele nilimsikia mama, hakupaza sauti, alikuwa anamwambia aliyekaa pembeni yake.

"Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye sasa."

Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Nilimtazama. Zilikuwa zimebaki aya tatu, zimenyooka vizuri sana. Sikuzisoma. Nilikunja karatasi, nikampa mama, nikaenda nyuma ya nyumba kusaidia kuosha sahani. Maji yalikuwa ya moto. Nilitoa mikono haraka.